Editha, Brighton Siendi

Rafiki yangu Editha,

Ungekuwa hai leo ningekupigia simu nikakusema mpaka bando liishe. Kwa kuwa simu yako mama yako ameizima na kuifungia kabatini, nakuandikia. Ni Jumapili, tumetoka misa ya pili. Osmund amempeleka Gloria kwa bibi yake ili nipate nafasi ya kupanga mizigo, lakini sanduku liko wazi hapo sakafuni na ndani mna masweta tu, masweta ya kila rangi, maana kila mtu hapa Songea anajua jambo moja kuhusu Uingereza, nalo ni baridi.

Nimechoka, Editha. Kazi siyo iliyonichosha. Watu ndio wamenichosha, na wewe umo, tena mbele kabisa.

Unakumbuka siku tuliyofaulu usaili wa kazi za Uingereza? Tulikuwa bado mlangoni pa ile ofisi, hata maji hatujanywa, ukasema, "Sisi tunaenda Brighton. Nimeshaamua." Hukuniuliza. Ulikuwa umeona picha kwenye simu, nyumba nyeupe zimejipanga mbele ya bahari, ukaniambia hewa ya pale ni nzuri kwa mapafu. Nani alikuwa amelalamika mapafu? Nikacheka nikakubali, kama nilivyokuwa nikikubali mambo yako yote tangu chuo cha uuguzi.

Kisha ukaumwa kichwa ukiwa zamu, ukasema ni usingizi tu, na kabla wiki haijaisha tulikuwa Madaba tunakuzika, mvua inanyesha, mahindi yamefika magotini. Wauguzi tulijaa pale kaburini. Mshipa wa kichwa ukipasuka umepasuka. Wewe uliyekuwa unaamua kila kitu, hilo hukuamua wewe.

Siwezi kuandika zaidi juu ya siku ile. Nirudi kwenye hasira. Hasira naiweza.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Wakala wa ajira aliniandikia kwamba nafasi zipo katika miji mitatu, nichague mmoja. London, Brighton, na mji unaoitwa Hull, uko upande wa mashariki ukielekea kaskazini. Mishahara inakaribiana, London wanaongeza kidogo. Kodi za nyumba hazikaribiani hata kidogo. Hicho kidogo London wanachokuwekea mkononi, mwenye nyumba anakusubiri nacho mlangoni.

Osmund alikaa siku nzima na kalamu, unamjua anavyofanya hesabu kama anasahihisha mitihani ya kidato cha nne. Hakuniambia niende wapi. Alinieleza tu alichokipata. London ningepanga chumba katika nyumba ya watu wengine, jiko la pamoja, choo cha pamoja, na nikae hivyo miaka. Brighton hivyo hivyo, pengine chumba kidogo zaidi, maana kila mwenye pesa anataka kuiona bahari. Hull ningepata nyumba yenye vyumba viwili na kipande cha uani. Halafu akaondoka kwenda kuwafungia kuku bandani.

Nilielewa alichokinyamazia. Sheria za huko zinabadilika kila siku, lakini kwa sasa muuguzi anaruhusiwa kumchukua mume na mtoto akiwa na uwezo wa kuwatunza na mahali pa kuwaweka. Mahali pa kuwaweka, Editha. Nikichagua chumba cha mtu mmoja nimechagua pia Gloria akulie huku, awe ananiona kwenye kioo cha simu mpaka avunje ungo.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Habari zikatoka. Sijui nani alizitoa, nadhani ni mimi mwenyewe pale sokoni. Tangu siku hiyo kila mwenye mdomo ana mji wake. Shangazi anasema niende popote ilimradi kanisa katoliki lisiwe mbali na nisilazimike kupanda basi kwenda kuungama. Mwalimu wa kwaya anataka mji wenye theluji, nimpigie picha za kalenda. Mgonjwa mmoja, namchoma sindano ya kalio, ameuma meno kwa maumivu, bado akapata pumzi ya kunishauri Manchester kwa sababu ya mpira. Nikamwambia ageuke upande wa pili.

Lakini wote hao ni malaika mbele ya Kasto. Shemeji yangu Kasto unamkumbuka, mdogo wake Osmund, yule wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyekwenda Dubai kufuata mzigo akarudi anatufundisha ulimwengu. Alikuwa anakuja kila jioni wakati wa kula. Kwake Uingereza ni London, kwingine kote ni shamba. Siku moja kashika tonge lake la ugali, na Hull yeye anaitamka Hali, akasema, "Shemeji, mtu akiniuliza umehamia wapi, nimjibu nini? Nikisema yuko Hali, ataniuliza hali gani."

Osmund akacheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Wewe ungecheka, najua, na kwa hilo nilikukasirikia na wewe pia.

Kasto alipoona London siitaki, akahamia kwako. Ndiyo, kwako. Akasema basi niheshimu wosia wa marehemu niende Brighton, na ili kunisaidia akanitafutia nyumba mtandaoni. Nyeupe. Vyumba viwili. Dirisha linaiona bahari. Kodi yake chini ya chumba kimoja cha London. Mwenye nyumba alisema yuko nchi za mbali anafanya kazi ya Mungu, nitume malipo ya awali, naye atanitumia funguo kwa posta. Kasto akasema nyumba kama hiyo haikai, nifanye haraka kabla Wahindi hawajaichukua.

Nikuambie kweli, niliziangalia zile picha jioni nzima. Sakafu ya marumaru nyeupe inang'aa, jikoni mna meza ndogo ya watu wawili. Nikakuona umekaa pale na mguu juu ya kiti, kikombe mkononi, unanisimulia ya wodini. Nilitaka iwe kweli. Nilitaka sana.

Kilichoniokoa ni kukumbuka nyumba yetu ya Lizaboni.

Usijifanye umesahau. Tulipomaliza chuo tukapanga pamoja, mimi nikasema tuangalie maji, choo, na paa. Wewe ukaona sebule imewekwa marumaru na kuta zimepakwa rangi ya waridi, ukamlipa mwenye nyumba siku hiyohiyo. Kumbe nyuma ya ukuta kuna mashine ya kusaga. Inaanza alfajiri, sahani zinacheza kabatini. Mvua ya kwanza paa likavuja katikati ya hiyo sebule yako, tukala ugali na dagaa wa Nyasa, wewe umeshika sufuria, mimi nimeshika mwavuli juu yetu wote wawili, tumo ndani ya nyumba. Ukasema, "Lakini Skola, angalia marumaru yanavyopendeza yakilowa." Nilitaka kukupiga na kijiko.

Nyumba ya pili uliichagua wewe pia. Ile ya mbwa. Sitaki hata kuiongelea.

Basi nikampigia Winfrida. Humjui, ni muuguzi mwenzetu, mtu wa Namtumbo, yupo Hull mwaka wa tatu sasa, nilipewa namba yake na Sista wa zahanati. Nikamtumia picha. Akanijibu kwa maneno machache, "Dada, nyumba ambayo mguu wa mtu unayemwamini haujaikanyaga, usiilipie." Akamwomba rafiki yake anayefanya kazi Brighton apite kwenye ile anuani. Alipopita akakuta duka la kufulia nguo, na juu yake hakuna nyumba ya mtu yeyote. Bahari yenyewe iko mbali, huioni hata ukipanda juu ya paa.

Unajua Kasto alisemaje? Alisema pengine nyumba iko nyuma ya duka.

Winfrida ndiye mtu wa kwanza katika jambo hili lote aliyeniambia kitu nilichohitaji kukijua. Siku yake ya mapumziko alinipigia kwa video akatoka nje, akatembea nami mkononi mtaani kwake. Mvua ilikuwa inanyesha ya rasharasha, ile isiyonyesha wala isiyoacha. Nyumba ni za matofali mekundu, zimeshikana moja na nyingine, mwanzo wa mtaa mpaka mwisho, jirani akikohoa unasema pole. Akanionyesha kituo cha basi, shule ambako watoto wanakwenda kwa miguu, duka la Mnaijeria mmoja linalouza unga wa mahindi na samaki wakavu. Akanipeleka mpaka mtoni. Nikamuuliza mbona maji yana rangi ya chai ya maziwa, akasema ndivyo yalivyo, mto mkubwa unakaribia baharini, utayazoea.

Hakunificha mabaya. Alisema kipindi cha baridi jua linazama mapema, unaingia kazini giza, unatoka giza, na moyo unakuwa mzito bila sababu mpaka unajifunza kutoka nje mchana hata kama hutaki. Alisema nikienda kuangalia nyumba ninuse kwanza pembe za chumba, nisogeze kabati nitazame nyuma yake, kwa sababu ukungu unaota ukutani na mtoto anapata kifua. Nisikubali nyumba kabla sijauliza inapashwaje moto, maana kodi inaweza kuwa ndogo na umeme ukaimaliza ile nafuu yote. Nipande basi mwenyewe kutoka hapo hadi hospitali saa ya zamu, nisiamini mtu akiniambia ni karibu.

Watu wakoje, nikamuuliza. Akacheka. Akasema wapo wasiokupenda, kama kila mahali, lakini wengi hawana makuu, na wana desturi moja nisishtuke, wanamwita kila mtu mpenzi. Dereva wa basi, muuza mkate, bibi kizee wodini, wote ni mpenzi, mpenzi.

Osmund alikuwa amekaa pembeni anajifanya anasoma. Akaweka kitabu chini. "Mpenzi kivipi?"

Ilibidi Winfrida amweleze mara ya pili. Editha, hiyo ilikuwa mara ya kwanza nacheka tangu tukuzike, nacheka kweli kweli, machozi yananitoka. Halafu machozi hayakukoma nikalazimika kwenda chumbani.

Kwa hiyo akili yangu ilikuwa imeshaamua. Kilichonizuia ni mama yako.

Hukulisikia aliloniambia. Siku tuliyoanua tanga, watu wakiwa wanakunja maturubai, alinishika mikono yote miwili akasema, "Skola, wewe uende huko mlikopanga na mwenzako. Nami nitajua mwanangu amefika." Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Ungemjibu nini mtu anayekushika hivyo? Nililibeba lile "ndiyo" miezi yote, na kila nilipoangalia hesabu za Osmund lilinikaba. Nilikuwa na mtoto wangu upande mmoja na mama yako upande wa pili, na katikati umekaa wewe na bahari yako. Jamani, Editha. Mtu anakufa anamwachia mwenzake mji mzima wa ng'ambo ambao hata yeye hakuwahi kuukanyaga.

Wakala akaandika tena, anataka jibu. Nikapanda gari la Njombe nikashuka Madaba.

Baridi ya kwenu unaijua. Nilimkuta mama yako jikoni anapukuchua mahindi karibu na moto, kajifunga khanga mbili na koti lako la bluu. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda na mahindi yangu ya kupukuchua. Tukafanya kazi. Akaniuliza habari za Gloria, za Osmund, za magoti ya mama yangu. Mimi nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri garini, nilipofika hapo yote yalipotea.

Nikayasema ovyo ovyo. Nikamwambia habari za kodi, za vyumba, za shule, za Winfrida, nikaruka ya duka la kufulia nguo kwa aibu. Mwishoni nikasema, "Mama, kule tulikopanga na Editha siendi. Nimekuja kukuomba radhi."

Alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akalitupia motoni, akachukua jingine. Nikaanza kulia kimya kimya huku napukuchua, punje zinanirukia miguuni.

Kisha akasema, "Huo mji wenu mimi hata jina lake silijui kulitamka."

Nikachukua hindi jingine.

"Nilikwambia uende mlikopanga kwa sababu mlipanga wawili. Sikutaka mtoto wa mwenzangu aende kukaa peke yake kwenye nchi ya watu. Huko unakosema, mume wako atakuja?"

Nikamwambia akipata kibali atakuja, na Gloria pia, nikishapata nyumba.

"Basi unaniomba radhi ya nini?"

Hivyo tu. Miezi yote ile, Editha. Usingizi niliokosa, maneno ya Kasto, zile picha. Kumbe mwenye neno lake hakuwa hata na mji kichwani. Nilitaka kucheka, nilitaka kumkasirikia na yeye pia, lakini huwezi kumkasirikia mtu aliyevaa koti la mwanawe.

Baadaye, tunakunywa chai, alisema jambo jingine, polepole, haniangalii. Alisema Editha tangu mdogo alikuwa hajui kuchagua nyumba. Alisema ukiwa mtoto ulikwenda kulala kwa jirani kwa sababu mlango wao ulikuwa umepakwa rangi, ukarudi asubuhi umeumwa na kunguni mwili mzima, na bado ukasema mlango ni mzuri. Hapo tulicheka wote wawili. Tulicheka sana. Halafu akajifuta uso kwa pindo la khanga akasema niwahi gari kabla halijapita.

Nilikuja kaburini kwako kwanza. Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa bado nimekukasirikia. Waliotengeneza msalaba wamekosea kidogo, umeinama kushoto, nimewaambia kaka zako waunyooshe kabla ya mvua.

Jioni ile ile nikamjibu wakala. Hull. Kasto hajaja kula kwetu tangu siku hiyo, na Osmund anasema tumwache apumzike, chungu chetu nacho kipumzike. Winfrida atanipokea, nitalala kwake siku za mwanzo huku natafuta nyumba kwa miguu yangu mwenyewe, nanusa pembe za vyumba. Sijui nitapata ipi. Pengine nitapata yenye ukungu nihame. Pengine Osmund atanyimwa kibali na hasira hizi zote zitakuwa za bure. Ninaogopa, Editha. Naweza kukwambia wewe, hapa nyumbani natakiwa kuwa jasiri kwa sababu Gloria ananitazama uso. Jana aliniuliza kama huko kuna kuku. Nikasema wapo. Akauliza kama wanaitwa mpenzi na wao.

Kitu kinachoniuma zaidi siyo kwamba siendi Brighton. Ni kwamba nimechagua vizuri, kwa mara ya kwanza nimechagua mimi mwenyewe, maji, choo na paa, na wewe hupo uniambie kwamba nyumba yangu ni mbaya.

Nakuahidi mambo mawili, mengine siyawezi. Mama yako nitampigia kila Jumapili akitoka kanisani, na nitamsikiliza mpaka achoke yeye, nisichoke mimi. Na sitamruhusu mtu mwingine yeyote akae mahali pako na kuniamulia. Pale palikuwa pako tu, na ulipaharibu vya kutosha.

Basi la Dar linaondoka stendi alfajiri ya Alhamisi. Litapita Madaba kabla ukungu haujaondoka milimani. Nimemwambia mama yako asitoke kusimama barabarani na baridi ile, amesema sawa, kwa hiyo najua atasimama. Nimekata tiketi ya dirishani upande wa kwenu. Basi halisimami pale, nitapunga mkono tu, na jirani yangu wa kiti atadhani nampungia mtu mmoja.

Lala salama, mwenzangu.

Wako,
Skola